Timu Yetu Iliyoburuza Mkia

Mwezi wa nne ukifika, wenye majengo tunayokaa huleta lori na kumwaga maganda ya miti kwenye bustani zote za mbele. Maganda yale ni meusi, yana unyevu, na mvua ikiyapiga hutoa harufu kama ya kuni mbichi zilizofunikwa kwa gunia. Watu wengine wakiisikia harufu hiyo husema baridi imekwisha. Mimi husema, haya, tumeanza kufungwa.

Juzi nilikuwa kwenye basi la Route 7 nikitoka kazini. Kiti cha mbele yangu alikaa mzee mmoja wa Kimarekani, kofia ya timu ya Washington kichwani, imepauka hadi huwezi kujua ilianza na rangi gani. Alikuwa akisikiliza mechi kwenye simu bila kuweka kitu masikioni, basi zima tukasikiliza naye. Mtangazaji alisema jambo, mzee akajipiga ngumi gotini. "Kila mwaka!" akasema, hamwambii mtu. Dirisha lilikuwa wazi kidogo, na tulipokuwa tunapita mbele ya majengo yaliyomwagiwa maganda, ile harufu ikaingia. Nikacheka peke yangu. Niliwahi kuwa na hasira kama ya mzee yule nilipokuwa na miaka kumi, na hasira ile ilinifaa kuliko kitu chochote nilichofundishwa mwaka ule.

Tulifika Falls Church, mji mdogo kando ya Washington, wakati wa baridi, mimi, Mama na mdogo wangu Shabani, tukimfuata Baba aliyekuwa ametangulia. Tulitoka Tanga. Kule nilikuwa mtoto wa aibu, lakini shule ya kule mtoto wa aibu ana mahali pa kujificha. Mwalimu akiuliza, darasa zima linaitikia kwa pamoja, na wewe unafungua mdomo katikati ya sauti za wenzako, hakuna anayejua kama umesema au umepumua tu. Huku mwalimu anakuita jina, anakutazama wewe peke yako, anatabasamu, anangoja. Wenzangu mliokuja mkiwa wadogo mnakujua kule kungoja. Kwangu kulikuwa kurefu hadi masikio yanapata moto. Nilikaa baridi nzima bila kutoa neno darasani. Nilikuwa naelewa mengi kuliko walivyodhani, ila maneno yalikuwa yakiingia tu, hayatoki.

Shabani naye, mwenye miaka minane, alianza kuropoka Kiingereza kabla hajazoea soksi.

Baba wakati huo alikuwa anaendesha gari la kusambaza mikate, anazunguka Beltway, barabara kuu inayoizunguka Washington, hadi Upper Marlboro na kurudi. Redio ya gari lile ilikuwa imekwama kwenye stesheni moja. Ilipofika mwisho wa mwezi wa tatu stesheni hiyo ikaanza kutangaza mechi za besiboli, na kwa kuwa redio haikuwa na pengine pa kwenda, Baba naye hakuwa na pengine pa kwenda. Hakuichagua timu. Redio ilimchagulia. Lakini akishashika kitu Baba hakiachii. Alinunua redio ndogo ya mkononi kwa mtu aliyekuwa akiuza vitu vyake uani, akaifunga kwa mpira wa nywele wa Mama kwa sababu kifuniko cha betri kilikuwa hakipo, akaiweka kwenye kibaraza chetu cha ghorofa ya pili.

"Ukihamia mji unashika timu ya mji," alimwambia Mama. "Sasa mtu utaishije huna timu?"

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: mtu mmoja anarusha mpira mdogo mgumu, mwingine anajaribu kuupiga kwa gongo. Akiupiga, anakimbia kuzunguka vituo vinne, na akikamilisha mzunguko ni bao. Wapigaji watatu wakitolewa, timu zinapokezana, hivyo hivyo vipindi tisa. Kati ya mpira mmoja na mwingine hakuna kinachotokea, na hapo ndipo Mama alipokuwa akiupiga mchezo huo fimbo.

"Mpira gani huu?" alisema, mwiko mkononi, akichungulia kwenye simu ya Baba iliyokuwa ikionyesha vipande vya mechi. "Watu wamesimama kama wanangoja usafiri. Huyu anatafuna. Yule anajikuna. Huyu naye anatema mate."

"Subiri, Mama Kibibi. Ndani yake mna akili."

"Akili zipo, mabao ndiyo hayapo."

Hilo la mwisho lilikuwa kweli. Timu ilifungwa wiki ya kwanza, ikafungwa ya pili, na haikufungwa kwa namna moja. Siku moja walipigwa mapema kabla chai ya Baba haijapoa. Siku nyingine waliongoza hadi mwisho, halafu mtu akadondosha mpira ambao hata mimi, nadhani, ningeudaka kwa kanga. Siku nyingine mvua ilisimamisha mechi tukiwa tumeshinda nusu yake, ikaacha kunyesha, wakarudi uwanjani wakafungwa.

Baba hakuwa akisikiliza peke yake. Jirani wa mlango wa pili alikuwa Papa Bosco, kutoka Bukavu, aliyekuwa akifanya kazi ya kufua mashuka hotelini. Alikuja na kiti chake cha plastiki na maoni yake. Ghorofa ya chini alikaa Njoro, kijana wa Nakuru, fundi wa kompyuta, ambaye alipanda na karanga za kukaanga. Siku ya kwanza nilimwamkia shikamoo, akashtuka, akajitazama nguo. "Shikamoo tena? Nimezeeka lini?" akasema. Tangu siku hiyo nikimwamkia alikuwa anajishika kiuno na kutembea kama babu, na mimi nakimbilia ndani kucheka huko.

Wote watatu walikuwa watu wa mpira wa miguu. Hawakuwa wamewahi kufuata besiboli kabla ya masika yale, na kila mmoja alikuwa anawafafanulia wenzake sheria ambazo yeye mwenyewe alizisikia jana. Mimi nilikuwa nakaa ndani, chini, mgongo kwenye ukuta, nyuma ya pazia la mlango wa kibaraza. Sikuambiwa nikae huko. Ni mahali nilipopapenda. Redio ilisikika, watu walisikika, na mimi sikuonekana.

"Manze, huyu wa kurusha ametuchoma tena," Njoro alisema jioni moja. "Si wamtoe tu?"

"Mutu amechoka," Papa Bosco akasema. "Mais banamuacha pale ju ya nini? Ju ya nini? Hata mimi niko hapa nasikia vile amechoka."

"Kocha anamwamini," Baba akasema.

"Anamuamini! Équipe kama hii, kwetu, inashuka. Fini."

"Itashuka tu," Njoro akakubali. "Itashuka mpaka huko nje ya jiji, Manassas, icheze na watoto wa shule."

Baba akasimulia habari ya timu ya mtaani kwetu Tanga. Niliijua, lakini sikuwa nimewahi kumsikia akiisimulia kwa sauti ile. Alikuwa kijana ilipokuwa daraja la juu. Siku za mechi barabara ya uwanjani ilikuwa haipitiki, mama wauza kahawa na kashata walikuwa wanapanga mstari hadi kona ya msikiti. Msimu mmoja ilianza vibaya, watu wakasema ni mapema bado, ikaburuza mkia hadi mwisho, ikashuka daraja. Wachezaji wakaondoka mmoja mmoja. Mwaka uliofuata ikashuka tena. Wauza kahawa wakahama.

"Sasa hivi," Baba akasema, "kuna mbuzi."

Mbuzi wale niliwajua kwa macho. Tulipita pale kila siku tukienda shule. Walikuwa wanakula majani kwenye eneo la penalti, mmoja akipenda kulala golini kabisa, penye kivuli cha mwamba. Nilidhani kila uwanja una mbuzi. Nyuma ya pazia jioni ile ndipo nilipojua kwamba mbuzi huja baadaye, watu wakishaondoka, na kwamba yote huanza na timu kufungwa mwanzoni mwa msimu huku watu wakisema ni mapema bado.

Labda lisingeniingia hivyo kama si jambo lililotokea wiki hiyo hiyo. Baba aliitwa shuleni kwangu. Alirudi akaniita mezani, akazungusha kikombe chake kabla ya kusema.

"Mama," akaanza. Hivyo ndivyo anavyoniita akitaka nisiogope. "Mwalimu wako anasema una adabu na hesabu unaweza. Lakini hajawahi kusikia sauti yako. Mwisho wa mwezi watakupima kuongea. Usipoongea, asubuhi zote utakuwa unateremka chini kwa wale wadogo, mpaka mdomo ufunguke."

"Kwa akina Shabani?"

Baba akazungusha kikombe tena, nikajua ndiyo. Shabani akainua uso kutoka kwenye bakuli la maziwa, akaniambia kwa Kiingereza, kwa moyo mweupe kabisa, kwamba nisijali, karibu naye kuna kiti.

Nililia bafuni maji yakiwa yamefunguliwa. Kumbukeni nilikuwa mkubwa wake. Kule Tanga mimi ndiye niliyekuwa namshika mkono barabarani na kumfunga vifungo. Sasa niende nikaketi kwenye viti vile vidogo, magoti yanagusa meza, mdogo wangu ananifundisha kusema mbwa na paka? Na kwa akili ya mtoto, habari zile mbili zikashikana, nikashindwa kuzitenganisha. Timu ilikuwa imeanza vibaya, na mimi nilikuwa nimeanza vibaya. Timu ilikuwa mkiani na mimi nilikuwa mkiani. Wote tulikuwa tunangoja kuteremshwa. Nikaamua kwamba ikiokoka itaniokoa, na ikishuka itanivuta. Nilikuwa naiombea kila usiku kabla ya kulala, kati ya dua ya Bibi wa Tanga na ya goti la Mama lililokuwa likimuuma.

Nikaanza kuisikiliza kama mtu anayesikiliza hali ya mgonjwa wake. Mwanzoni sauti za watangazaji zilikuwa mvumo tu, halafu mvumo ukaanza kukatika vipande, na kila kipande nikakijua. Walikuwa wawili, wazee, hawana haraka, wanasema neno moja mara nyingi kwa sababu mchezo wenyewe unarudia jambo moja mara nyingi. Sijawahi kupata walimu wazuri kuliko wale. Kufikia katikati ya mwezi nilikuwa na Kiingereza cha ajabu. Sikujua namna ya kuomba ruhusa ya kwenda chooni, lakini nilijua kusema vituo vyote vimejaa na hakuna aliyetolewa. Nilijua kusema amebakiwa na mpira mmoja tu. Nilijua kusema huyo amekwisha, mwiteni mwingine. Nilikuwa nayasema kimya, midomo inacheza, nyuma ya pazia.

Usingizi ulikuwa unanichukua kabla mechi haijaisha, kwa hiyo matokeo niliyapata asubuhi kwa Baba. Sikuuliza. Timu ikishinda, alikoroga chai huku anaongea. Ikifungwa, alikoroga tu. Aprili ile kijiko kilisikika sana nyumbani kwetu.

Siku moja kabla ya kupimwa ilikuwa Jumapili, na mechi ilichezwa mchana, nikaisikia yote. Laiti nisingeisikia. Timu iliongoza. Mrushaji wetu alikuwa mzuri hadi kipindi cha saba, Papa Bosco anamwita mwanangu, Njoro anagawa karanga kama mtu aliyepata mtoto. Kipindi cha nane akaanza kuchoka. Mtangazaji akasema amechoka. Papa Bosco akasimama, akaiambia redio imtoe. Hawakumtoa. Akawaacha wapinzani wakajaza vituo vyote, na ndipo mpigaji wao akaupiga mpira mmoja ambao mlio wake ulisikika mkavu, kama mtu amevunja kuni kwenye goti. Mpira ukatoka nje ya uwanja, yakaingia mabao manne kwa pigo moja. Baada ya muda Njoro akachukua karanga zake akashuka ngazi bila kuaga.

"Ni mapema bado," Baba akasema, kwa sauti ile ile ya habari ya mbuzi.

Chumba cha kupimia kilikuwa kidogo, kando ya maktaba, kinanuka penseli za rangi na pipi za kikohozi. Mwalimu aliyenipima alikuwa mama wa makamo aliyeitwa Helen, mpole, funguo zake zimening'inia shingoni kwa utepe wa timu. Niliuona ule utepe nikahisi vibaya zaidi. Akafungua picha ya kwanza, mbwa mwenye mwavuli.

"Unaona nini hapa, Kibibi?"

Niliona mbwa. Neno lake nililijua tangu Tanga. Lakini lilikaa kooni kama punje ya ubuyu, halipandi, halishuki. Akangoja. Akafungua ya pili, watoto jikoni. Akangoja. Nje ya dirisha watu walikuwa wanamwaga maganda kwa koleo, na harufu yake ilikuwa imeingia hadi mezani. Akafungua ya tatu, sikumbuki ilikuwa ya nini, kwa sababu macho yangu yalikuwa yamejaa maji na yote niliyoyaona ni kiti kidogo kilichokuwa karibu na Shabani.

Mwalimu Helen akaona, akaacha picha. Nadhani alitaka tu kunipa nafasi ya kupumua. Akashika utepe wake, akatazama dirishani, akasema kama anayejisemea, "Na hawa nao jana. Ulisikia? Basi, haidhuru. Ni mapema bado. Ndiyo kwanza Aprili."

"Hapana," nikasema.

Iliruka sauti kubwa kuliko chumba. Mwalimu akageuka.

"Hapana? Hapana nini?"

"Si mapema." Na punje ile ikatoka, na nyuma yake yakatoka yote. Nilimwambia mrushaji alikuwa amechoka kipindi cha nane. Mtangazaji alijua. Mimi nilijua. Papa Bosco alijua.

"Papa Bosco ni nani?"

"Jirani! Anafua mashuka! Amejua, na kocha hajui?" Nilimwambia vituo vyote vilikuwa vimejaa na hakuna aliyetolewa, na kocha amekaa. Nilimwambia wiki iliyopita walipata watu kwenye vituo wakawaacha pale pale, wiki nzima wanawaacha pale pale, kama watu waliosahauliwa stendi. Nilimwambia habari ya yule aliyedondosha mpira. Kiingereza changu kilikuwa kimechanganyika, jana na kesho zimepishana, lakini kilikuwa kinakwenda mbele na mikono ilikuwa inakisukuma. Nilimwambia watu wanasema mapema, mapema, halafu mwisho wanashuka.

"Wanashuka wapi?"

Neno lake la Kiingereza sikulijua. Nikaweka kiganja juu ya meza, nikakiteremsha hadi chini ya meza, hadi karibu na sakafu. "Chini. Timu nyingine inapanda. Hii inakwenda chini. Watu wanaondoka. Halafu mbuzi."

Mwalimu Helen aliweka kalamu mezani. Alikuwa anajizuia kucheka, nikaona, lakini hakunicheka. "Kibibi," akasema polepole, "huku hakuna timu inayoshuka."

"Ya mwisho."

"Hata ya mwisho. Wanaweza kufungwa mechi zote, na mwakani watakuwa pale pale. Uwanja ule ule, jina lile lile."

Mngetegemea nifurahi. Furaha ilikuja baadaye, njiani. Pale pale nilikasirika zaidi. Nilitoka kwenye nchi ya mpira wa miguu, nilijua haki inavyokuwa. "Hiyo si sawa!" nikamwambia. "Wanafungwa hivyo, halafu wanabaki?"

"Wanabaki."

Ndipo nilipokumbuka nilikuwa pale kwa sababu gani. Nikatazama zile picha zilizofunikwa, tatu tu, nyingine hazijaguswa. Sauti ikarudi kuwa ndogo, lakini ilitoka. Lilikuwa swali la kwanza nililowahi kuuliza katika shule ile.

"Na mimi? Nashuka?"

Alizikusanya picha akazigonga mezani zikae sawa, akazirudisha kwenye bahasha. "Wewe?" akasema. "Wewe umeongea mpaka chai yangu imepoa. Rudi darasani kwako."

Jioni ile nilipita kwenye pazia. Nasema nilipita kwa sababu sikuwa nimewahi kufanya hivyo mechi ikiendelea. Nikasimama mlangoni, watatu wakageuka, redio katikati yao.

"Shikamooni," nikasema. "Timu haishuki."

"Marahaba. Nini?" Baba akauliza.

"Huku hakuna kushuka daraja. Mwalimu amesema. Hata ikiwa ya mwisho."

"Wee, acha!" Njoro akatoa simu. "Ngoja ni-google." Tukangoja. Akasoma, akatoa macho, akasoma tena. "Ni ukweli, watu wangu. Haishuki. Alafu sikia hii: wale wa mwisho ndio wanapata chance poa ya kuchagua vijana wapya."

Papa Bosco akainua mkono kama mtu wa trafiki. "Attends, attends. Bale banapoteza, ndio banapewa chakula ya kwanza?"

"Ndio hivyo."

"Mais ni inchi gani hii!"

"Kumbe ndiyo maana wanafungwa!" Mama akapaza sauti kutoka jikoni. "Wanajua!"

Baba peke yake hakucheka. Alikuwa amenitazama kwa makini, paji la uso limekunjamana, kama mtu anayeongezewa chenji asiyoitegemea.

"Kwa hiyo mwakani wapo?"

"Wapo, Baba."

"Uwanja ule ule?"

"Ule ule."

"Hakuna mbuzi?"

"Hakuna mbuzi."

Akatikisa kichwa polepole. Halafu akanyoosha mkono, akapunguza sauti ya redio hadi ikabaki kama nyuki ndani ya kopo. Hakuwa amewahi kufanya hivyo katikati ya mechi, hata Bibi alipopiga simu kutoka Tanga. "Na wewe je?" akasema. "Si leo ndiyo walikupima?"

Mama alitoka jikoni akasimama nyuma yangu, harufu ya kitunguu mikononi. Wote wakangoja. Ilikuwa ni kungoja kama kule kwa darasani, macho yote kwangu, na masikio yangu yakaanza kupata moto kama kawaida yake.

"Nimebaki kwangu," nikasema.

"Sema nguvu, mama," Papa Bosco akasema, akiinama mbele, sikio limetangulia. "Sikuskia."

Nikasema tena. Safari hii ghorofa ya chini nao walisikia, kwa maana Shabani, aliyekuwa akicheza huko, alipiga kelele kuuliza kama basi kile kiti ampe mtu mwingine. Njoro alinimwagia karanga viganja viwili. Baba akainuka. Aliingia ndani akarudi na stuli ya jikoni, akaisukuma kati ya kiti chake na cha Papa Bosco, akaipangusa kwa kiganja ingawa haikuwa na vumbi. Alipopandisha tena sauti ya redio tukakuta tumeshafungwa mabao matatu tukiwa tunaongea, na hakuna aliyejua yameingiaje.

"Kaa," akaniambia. "Bado vipindi vinne. Hebu tueleze, huyu anayerusha sasa, amechoka au hajachoka?"

Nikakaa, nikawaeleza.

Mzee wa kwenye basi alikuwa bado anajisugua goti alilolipiga. Mimi si mtu wa kuongea na watu kwenye mabasi. Aibu ile haikuniacha moja kwa moja, nimeizoea tu, na mara nyingi nafurahi kukaa nyuma ya pazia. Lakini harufu ilikuwa imeingia, na mzee alikuwa na uso wa mtu anayewaza mbuzi. Nikainama mbele.

"Ni mapema bado," nikamwambia. "Ndiyo kwanza Aprili."

Akageuka mwili mzima, macho yamemtoka, kofia imekaa upande. "Mapema?" akasema. "Mapema! Binti, wewe hukusikia kipindi cha nane?"

Nilikuwa nimekisikia. Nikamwachia aongee, nikapitiliza kituo changu.